"Huna ruhusa ya kuchapa!"

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, nina barua mbele yangu. Ameiandika mwalimu mmoja wa sekondari, na kwa mwandiko wake naona aliiandika akiwa na hasira. Shule yake ina kompyuta kuukuu mbili ambazo kijana mmoja aliziwekea Linux baada ya Windows mpya kuzikataa. Zinafanya kazi vizuri, asema, isipokuwa kwa jambo moja. Karatasi ikikwama katika printa, printa husimama. Na yeye akitaka kuiamuru iendelee, kompyuta humwuliza neno la siri la msimamizi. Akiandika la kwake, huambiwa hana ruhusa. "Kompyuta ni ya shule, printa ni ya shule, nami ni mwalimu wa shule hiyo hiyo. Hiyo ruhusa nikaiombe wapi?" Halafu anamalizia kwa kusema kwamba rafiki yake amemdokeza kuna amri iitwayo chmod 777, akiiandika tu kila kitu kitafunguka. Je, aiandike?

Hapana, mwalimu, usiiandike. Na ili usidhani nakukataza kwa ubishi wa mafundi, itanibidi leo nieleze jambo ambalo sijapata kulisema hadharani, kwa sababu aliyekosea ni mimi. Lakini kwanza tuelewane juu ya hiyo ruhusa yenyewe.

Linux imerithi tabia zake kwa Unix, mfumo ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Kompyuta za enzi hizo zilikuwa ghali mno, na moja ilitumiwa na watu wengi. Basi ilibidi ijue kazi hii ni ya nani, nani aisome, na nani asiiguse. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoanza kuiandika Linux mwaka 1991 alifuata utaratibu huo huo. Ndiyo maana hata kompyuta yenye mtumiaji mmoja tu, iliyowekwa juu ya meza moja, bado inahesabu watu kana kwamba ni nyumba ya kupanga.

Kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na halafu kuna watu wengine wote. Kila mmoja kati ya hao watatu anaweza kupewa ruhusa ya kusoma, ambayo huhesabiwa 4, ya kuandika, ambayo ni 2, na ya kulitumia faili kama programu, ambayo ni 1. Jumlisha upate 7. Kwa hiyo 777 maana yake ni kwamba mwenyewe, kundi lake, na yeyote apitaye njia, wote wasome, waandike na waendeshe. Huko ni kung'oa milango yote ya nyumba kwa sababu umepoteza ufunguo wa kabati.

Katika Linux kazi ya kuchapa iko mikononi mwa programu iitwayo CUPS. Aliiandika Mmarekani Michael Sweet, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1999, na kompyuta za Apple nazo huitumia. Ukitaka kuielewa CUPS mfikirie karani wa masjala. Unampelekea barua, anaiandikisha, anaipa namba, anaiweka kwenye foleni, na zamu yake ikifika anaipeleka. Wewe huigusi printa. Unayezungumza naye ni karani.

Sasa, kwa kawaida karani huyu hana roho mbaya. Katika mipangilio inayokuja na Linux za kawaida kama Debian na Ubuntu, mtu yeyote mwenye jina katika kompyuta anaweza kupeleka kazi ya kuchapa. Haulizwi neno la siri. Anaweza pia kuifuta kazi aliyoipeleka mwenyewe. Asichoweza ni kufuta ya mwenzake, kuongeza printa mpya, au kuiamuru printa iliyosimamishwa iendelee. Hayo ni ya wasimamizi, na wasimamizi wa printa ni wale walioandikwa katika kundi liitwalo lpadmin. Katika Fedora na ndugu zake mambo yako tofauti kidogo. Huko wanaotambuliwa kwa kawaida ni watu wa kundi liitwalo wheel. Kwa hiyo, mwalimu wangu mwenye hasira, hukukatazwa kuchapa. Umekatazwa kusimamia. Ni mambo mawili, ingawa mtu mwenye mtihani mkononi hayaoni kuwa mawili.

Na usidharau karatasi iliyokwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko MIT nchini Marekani, Richard Stallman na wenzake walikuwa na printa ya Xerox iliyokuwa na tabia ya kukwamisha karatasi. Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu wanaosubiri kwamba karatasi imekwama. Akaomba maandishi ya programu hiyo, akanyimwa. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kisa hicho ni mojawapo ya vilivyomsukuma, mwaka 1983, kutangaza mradi wa GNU, ambao kazi zake nyingi ndizo zimo ndani ya Linux tunayoitumia leo. Tazama basi: huku kukwama kwa karatasi kulimfanya mtu apiganie uhuru, na huku kulinifanya mimi nimtie mtu matatani.

Ilikuwa hivi. Shule fulani, ambayo siitaji, iliniita Alhamisi moja jioni. Mtihani wa muhula ulikuwa uanze Jumatatu. Katibu muhtasi, binti mpole ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa, alikuwa amepiga chapa mitihani ya madarasa yote, lakini printa ilikuwa imesimama na haikubali kuendelea. Mwalimu wa taaluma, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kompyuta, alikuwa safarini kwenye msiba na simu yake haipatikani.

"Shikamoo mzee. Mashine inanikataa," aliniambia, karibu analia.

"Marahaba mwanangu. Hebu tuone."

Tukaona. Karatasi ilikuwa imekwisha kutolewa, printa yenyewe ilikuwa nzima, ila karani wetu CUPS alikuwa ameifunga foleni na anangoja msimamizi aifungue. Mimi nilikuwa nimewahi kuitengeneza kompyuta ile, na nilikuwa nalo neno la siri la msimamizi. Nikafungua foleni, printa ikaunguruma, binti akacheka kwa furaha. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini jua lilikuwa linakuchwa, nilikuwa na daladala ya kuwahi, na nilijua karatasi ingekwama tena. Ningeweza kutumia dakika mbili kuliingiza jina lake katika kundi la lpadmin. Badala yake nilichukua kipande cha karatasi, nikaandika jina la msimamizi na neno lake la siri, nikakibandika ukutani juu ya kompyuta. "Mkikwama tena," niliwaambia wote waliokuwamo chumbani, "tumieni hili." Nikaondoka kama mtu aliyefanya hisani.

Ijumaa alasiri, yapata saa kumi, yule binti akachapa mtihani wa hisabati wa Kidato cha Pili. Akafunga nakala katika bahasha, akazikabidhi, akaenda zake nyumbani. Jumapili jioni mtihani ule ulikuwa mikononi mwa nusu ya darasa.

Nani mwingine angeshukiwa? Aliyeupiga chapa ni yeye, aliyeuchapa ni yeye, na ofisi ni yake. Jumatatu aliitwa mbele ya kikao, Jumanne akaandikiwa barua ya kusimamishwa kazi. Mimi nilizisikia habari hizo Alhamisi, juma zima baada ya ile hisani yangu, na nakiri kwamba nilipozisikia niliwaza kwanza ulafi wa binti huyo, sikuwaza kile kikaratasi. Usiku ndipo kilinijia.

Jambo ambalo wengi hawalijui, ndugu msikilizaji, ni kwamba kazi ikishachapwa haipotei papo hapo. Katika mipangilio ya kawaida CUPS hulihifadhi faili lililochapwa kwa muda wa siku moja katika ghala lake, /var/spool/cups, na kumbukumbu ya kazi hubaki kwa muda mrefu zaidi. Hilo limewekwa kwa makusudi mema. Ukiwa umechapa barua na karatasi ikachafuka, unaweza kuiagiza kazi ile ile ichapwe upya. Lakini anayeweza kuiagiza ni mwenye kazi au msimamizi, si mwingine. Ghala lenyewe limefungwa, mtumiaji wa kawaida hawezi hata kuorodhesha yaliyomo. Ukuta wa namna hiyo nilikuwa nimeutoboa kwa gundi na kipande cha karatasi.

Nikaenda shuleni, nikaomba kufungua daftari la matukio la CUPS, faili liitwalo access_log ndani ya /var/log/cups. Huko karani huandika kila agizo alilopewa, saa, na jina la aliyeagiza. Niliikuta ile kazi ya Ijumaa, kwa jina la katibu. Na chini yake nikalikuta agizo la pili, la kuirudia kuichapa kazi ile ile, Jumamosi saa 3 na dakika chache asubuhi, kwa jina la msimamizi. Bado saa saba hivi, faili lingekuwa limefutwa.

Jina la msimamizi! Yaani jina ambalo nilikuwa nimelibandika ukutani. Daftari halikuweza kusema ni nani aliyelitumia, kwa kuwa sote tulikuwa tumekuwa mtu mmoja. Kilichomwokoa binti yule ni saa. Yeye ni Msabato, na Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa kanisani, akiimba kwaya mbele ya watu ambao wasingeweza kuwa wote waongo. Asubuhi hiyo chumba kile walikitumia wanafunzi wa chama cha habari, kuandaa gazeti lao la ukutani. Ni yupi kati yao hatukujua, wala hatutajua.

Alirudishwa kazini baada ya majuma matatu. Nilikwenda kwa mkuu wa shule na kumweleza kwamba kikaratasi ni changu, halafu nikamwendea binti mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Haya mzee, yamekwisha." Yeye alisema yamekwisha.

Basi turudi kwa mwalimu aliyeandika barua. Redioni nililazimika kuzitaja amri hizi herufi kwa herufi, na najua wengine mliziandika mkononi mkiwa jikoni. Hapa gazetini angalau mtaziona zilivyo.

Kabla ya kulaumu ruhusa, muulize karani hali ikoje. Fungua dirisha la kuandikia amri, andika lpstat -t kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Utaoneshwa printa zote, zipi zinafanya kazi, zipi zimesimamishwa, na kazi zipi zinangoja. Mara nyingi tu utakuta kwamba hakuna tatizo la ruhusa kabisa: printa imesimamishwa, au kompyuta inaituma kazi kwenye printa nyingine iliyouzwa zamani. Na kama ujumbe unaosomeka ni "filter failed", usihangaike na ruhusa kwanza. Aghalabu ni programu ya kutafsiri kurasa kwa ajili ya printa ile ndiyo iliyokosekana au kuharibika.

Halafu jiulize wewe ni nani machoni pa kompyuta. Amri ni id, herufi mbili tu. Itakutajia jina lako na makundi yako yote. Kama unatakiwa kuisimamia printa na hulioni neno lpadmin, sababu umeipata. Mwenye mamlaka na aandike sudo usermod -aG lpadmin, kisha nafasi, kisha jina lako la kuingilia. Baada ya hapo foleni iliyofungwa utaifungua mwenyewe kwa amri ya cupsenable na jina la printa, kwa jina lako na neno lako la siri.

Hapo kwenye -aG naomba msikilizaji asimame kidogo. Ile herufi a ndogo maana yake ni kuongeza. Ukiisahau, ukaandika -G peke yake, kompyuta haitamwongeza mtu katika kundi. Itamtoa katika makundi mengine yote ya nyongeza na kumwacha na hilo moja. Nimemwona fundi mzoefu akijifanyia hivyo mwenyewe. Alijitoa katika kundi la wenye mamlaka ya sudo, na kwa hiyo hakuwa tena na uwezo wa kujirudisha. Alitazama kioo kwa muda mrefu bila kusema neno.

Tena, mtu akishaingizwa katika kundi, programu alizokuwa amekwisha kuzifungua haziyajui mabadiliko hayo. Atoke katika kompyuta, aingie upya. Wengi hulisahau hili, wakadhani amri imeshindwa, wakaanza kujaribu dawa kali zaidi.

Lipo kundi jingine linalofanana kwa jina, nalo ni lp, na watu huyachanganya. Jina hilo limebaki tangu enzi za mashine zilizochapa mstari mzima kwa mpigo mmoja. Kundi la lp ndilo lenye mlango wenyewe wa printa, yaani faili la kifaa kama /dev/usb/lp0, ambalo kwa kawaida ni la root na la kundi la lp, na wengine hawana ruhusa yoyote. Mtumiaji wa kawaida hahitaji kuwa humo, kwa kuwa CUPS ndiyo inayobisha mlango kwa niaba yake. Lakini ukiwa na mashine zile za kuchapa na kupiga picha nyaraka kwa pamoja, unaweza kukuta inachapa vizuri ila inakataa kupiga picha. Hapo kuingizwa katika kundi la lp, au la scanner, mara nyingi ndiyo tiba. Ukijaribu kuufungua mlango huo kwa chmod utafurahi hadi utakapochomoa waya au kuzima kompyuta, kwa maana faili hilo huundwa upya kila mara, na ruhusa zake za zamani hurudi.

Inawezekana pia kwamba kweli umekatazwa kuchapa, na mtu aliyeamua hivyo alikuwa na sababu. Kila printa inaweza kuwa na orodha yake ya wanaoruhusiwa. Printa ya ofisi ya uhasibu, kwa mfano, ambayo wino wake ni ghali. Msimamizi anaweza kuandika lpadmin -p Ofisi -u allow:katibu,taaluma na wengine wote wakakataliwa. Au akaandika allow:@walimu, na alama ile ya @ ikamaanisha kundi zima. Kuifungua tena kwa wote ni -u allow:all. Kwa hiyo ukikataliwa katika printa moja tu na nyingine zinakukubali, usiiguse kompyuta. Nenda ukaulize ofisini.

Na printa iliyounganishwa kwenye kompyuta ya Windows ya chumba cha pili ina mambo yake. Huko anayekataa ni Windows, anataka jina na neno la siri linalotambuliwa kule. Kazi yako itakaa kwenye foleni ikingoja, na hata ukiwa msimamizi mara kumi upande wa Linux, haitakusaidia.

Yakishindikana yote hayo, soma daftari la makosa, error_log, mle mle katika /var/log/cups. Ukiandika sudo cupsctl --debug-logging, karani ataanza kuandika kila hatua. Jaribu kuchapa mara moja, soma, kisha mrudishe kwa --no-debug-logging, la sivyo atajaza diski kwa umbeya.

Na ile 777? Rafiki yako hakukueleza kwamba CUPS yenyewe inaiogopa. Ukiyafungulia watu wote mafaili ya programu zake, zile zinazozungumza na printa, itakataa kuziendesha, na itaandika katika daftari kwamba zina ruhusa zisizo salama. Utakuwa umeua hata kile kidogo kilichokuwa kinafanya kazi. Ukilifungulia watu wote ghala la kazi, basi mitihani yote ya siku ile iko sokoni, hata bila kikaratasi ukutani.

Wala hofu hii si ya kubuni. Septemba 2024 mtafiti wa Kiitaliano, Simone Margaritelli, alitangaza kasoro katika programu ndogo inayoambatana na CUPS, iitwayo cups-browsed. Ilikuwa inasikiliza mlango namba 631 na kumwamini yeyote aliyeitambulisha kwake printa mpya, hata kama ni tapeli wa mbali. Mtu akija kuchapa kwa printa hiyo ya uongo, amri za tapeli huyo zingetekelezwa ndani ya kompyuta yake. Marekebisho yalitolewa, na mwenye kompyuta ambaye hajayaweka na ayaweke. Lakini angalia hapa: hata huyo tapeli akifanikiwa, angeingia kwa jina la lp, ambalo ni la mtumishi mdogo asiye na funguo za nyumba. Asingeingia kwa jina la root. Mafaili ya mwalimu yaliyofungwa barabara yangebaki yamefungwa.

Ile shule bado naitembelea. Katibu yumo katika kundi la lpadmin kwa jina lake mwenyewe, mwalimu wa taaluma naye kwa lake, na wanafunzi wana jina lao linaloweza kuchapa na kufuta kazi zao tu. Siku za mitihani tumeongeza mstari mmoja katika cupsd.conf, PreserveJobFiles No, ili faili lifutwe mara tu kazi inapokamilika. Ukutani, pale nilipobandika, rangi ilibanduka pamoja na gundi, na hakuna aliyeipaka upya.

Mwalimu, barua yako nimeijibu kwa kirefu kuliko ulivyotaka. Mtafute yule kijana aliyewawekea Linux, aandike ule mstari mmoja wenye -aG na jina lako. Kisha utoke, uingie upya, na utoe karatasi iliyokwama taratibu, kwa kuifuata upande inakoelekea.